Ami Thabit na Mvua Iliyofungwa

Tulipoondoka Unguja mwaka wa sitini na nne, kila mtu alibeba kile ambacho moyo wake ulimwambia asikiache. Wapo waliobeba dhahabu, wapo waliobeba misahafu ya babu zao. Mama yangu alibeba mbuzi ya kukunia nazi, akaja nayo Maskati, mji usio na hata mnazi mmoja, na mpaka leo naikalia ninapokata bamia. Lakini kwa upuuzi hakuna aliyemshinda ami yangu Thabit, mdogo wake baba. Yeye alibeba kipimo cha mvua.

Kilikuwa bomba la shaba, urefu wake kama mkono kutoka vidoleni mpaka kiwikoni. Juu palifunguka kama faneli, na ndani mlikaa chupa ya kukusanyia maji. Kwa miaka ishirini na mbili Ami alikuwa karani wa mvua katika shamba moja la serikali huko Unguja. Kila siku saa tatu za asubuhi na saa kumi za jioni alimimina maji ya ile chupa kwenye gilasi yenye mistari, akafinya jicho moja, akasoma, akaandika daftarini. Ukimuuliza binti yake Hind kazaliwa lini, hakutajii mwezi wala tarehe. Anakwambia, "Inchi mbili na robo." Harusi yake mwenyewe ilikuwa manyunyu yasiyopimika.

Sanduku la safari lilikuwa moja. Kipimo kilipoingia, cherehani ya mkewe, Bi Rahila, haikuingia. Bi Rahila aliwahi kuchomeka kitu kimoja tu cha anasa, nacho ni chupa ya sharbati ya waridi, kisha wakafunga sanduku na kulikalia. Ile cherehani ilibaki juu ya meza, na kwa miaka iliyofuata hapakupita chakula cha mchana nyumbani kwao bila ya kutajwa. Shati la Ami likichanika, cherehani. Pazia likifupika, cherehani. Siku moja Ami alipiga chafya, na sijui Bi Rahila alipitia njia gani, lakini cherehani ikafika.

Ile sharbati nayo hakuifungua. Unguja kulikuwa na kiwanda cha barafu, na kila Alkhamisi alasiri Ami alikuwa akipewa bilauri yake ya sharbati yenye vipande vya barafu vikigongana. Maskati ya siku zile barafu ungeipata wapi? Taa zetu zilikuwa za mafuta na maji yetu ya mtungi. "Sharbati bila barafu ni maji ya kunawia mikono," Bi Rahila alisema, akaizungushia chupa kanga, akairudisha sandukuni.

Basi Ami akapanda darini, juu ya paa bapa la nyumba, na shaba yake. Nyumba yao ilikuwa ndani ya ukuta wa mji, karibu na Lango Kuu, na dari yake ilionekana na kila anayepita. Wa kwanza kuuliza alikuwa Marhoon, muuza fanusi wa pale langoni, mzaliwa wa Pemba aliyekuja Omani zamani kabla yetu.

"Shekhe, hicho chombo cha nini?"

"Cha kupimia mvua."

Marhoon akatazama mbingu, akatazama majabali yanayowaka jua pande zote, akamtazama tena Ami. "Mvua ipi?"

Haki ya Mungu, lilikuwa swali zuri. Mwaka wa kwanza Ami alipata mvua tatu, na moja kati ya hizo mimi nasema alitema mtu. Kisha ikaja harusi ya Hind, baridi ya mwaka sitini na sita, na tangu siku ile ya harusi haikudondoka tena. Miaka miwili kamili. Asubuhi sifuri, jioni sifuri. Ami aliziandika sifuri zile kwa wino, kwa utaratibu, na kwa vile hakuwa na kitu kingine cha kuandika, zikawa zinazidi uzuri. Nyingine alizitia kivuli.

Usicheke sana lakini. Maskati Ami hakuwa na kazi ya maana. Aliwaandikia watu barua, na barua zenyewe ni za "sisi hatujambo, hofu kwenu". Kipimo kile ndicho kilichomwamsha, akanyoa, akavaa kanzu safi, akapanda ngazi kama mtu anayesubiriwa. Mimi, Kheiria, nilikuwa na miaka ishirini na moja wakati ule na ulimi kama wembe, na juu ya kila kitu nilimtania. Juu ya hilo sikumtania hata mara moja.

Mwisho wa mwaka wa sitini na saba daftari lilikuwa limebakisha kurasa chache. Hapo Bi Rahila akamwekea mumewe sharti mbele yetu sote, sinia ya wali ikiwa katikati.

"Baba Hind, daftari hilo likisha na hujapata tone, shaba yako naichukua mie. Faneli nnamiminia mafuta ya taa, na bomba nnatilia achari ya ndimu."

"Na nikipata?"

"Ukipata, hata robo ya ukucha, cherehani sikutajii tena mpaka nife."

Ami akaweka tonge chini. Hakuwahi kuahidiwa kitu kikubwa namna hiyo. "Kheiria, umesikia?" akaniuliza. Nikasema nimesikia. "Na wewe Bi Masouda?"

Bi Masouda alikuwa mkunga wetu na jirani wa ukuta mmoja. Yeye alisikia kila kitu, hata kisichosemwa. Zaidi ya ukunga alikuwa na magoti. Goti la kulia liliuma kwa mvua na la kushoto kwa upepo, na Ami, ambaye alidharau kila utabiri wa mtaani, magoti ya Bi Masouda aliyapa safu yao maalumu daftarini. Hivyo ndivyo lilivyoundwa baraza letu la hali ya hewa. Ami alikuwa na kipimo, Bi Masouda magoti, Marhoon benchi lake langoni, ambapo kila anayeingia mjini lazima apite. Mimi nilikuwa na macho, na kazi ya kuchemsha kahawa.

Mawingu yetu ya baridi hutokea juu, upande wa Ghuba, yakashuka na pwani ya Batina: Barka, Mabela, Sib, Matrahi, kisha sisi. Simu hatukuwa nayo. Tulichokuwa nacho ni wasafiri, na wasafiri wana chumvi. Kwa hiyo Ami alitunga kanuni, akaiandika nyuma ya jalada. Habari ya dereva, gawa kwa mbili. Habari ya mvuvi, gawa kwa tatu. Habari ya mtu anayetaka kukuuzia kitu, usiandike. Habari ya mwanamke anayekimbia mvua na watoto, usigawe, maana huyo hana wakati wa kuongeza.

Ikafika Alkhamisi moja ya mwezi wa kwanza, mwaka wa sitini na nane. Daftari lilibaki na mistari miwili, wa saa tatu na wa saa kumi. Nilipoingia asubuhi nilimkuta Bi Masouda amekalia kizingiti cha Ami, anashika magoti huku na huku.

"Yote mawili!" akalia kwa furaha. "Thabit wee, yote mawili kwa pamoja! Hayajapata kuniuma hivi tangu nimezaliwa!"

Saa tatu Ami akapanda, akasoma, akaandika sifuri. Nzuri sana, ya mwisho mwisho. Ukabaki mstari mmoja. Bi Rahila alikuwa jikoni, anakosha ndimu za achari, na hakuzikosha kwa siri.

Tulipofika kwa Marhoon, lori la Bakhit lilikuwa linasimama nje ya lango. Bakhit alikuwa dereva wa Sib aliyewahi kuishi Mombasa, na Kiswahili chake kilikwenda kasi kuliko lori lake. Akaruka chini mkono umenyooka.

"Ya Thabit! Wallahi leo nimeona! Barka inanyesha mvua ya mawe, barafu tupu, kila moja kama yai!"

Baraza zima likasimama. Mvua ya mawe! Ami kwa miaka ishirini na mbili ya kazi hakuwahi kuiona. Kitabu chake cha maagizo kilikuwa na ukurasa mzima juu ya namna ya kupima barafu iliyoanguka toka mbinguni, ukurasa ambao Unguja ulikuwa na faida ya kufungia ubuyu.

"Yai la nini?" Ami akauliza, kalamu tayari.

"La kuku!"

"Kuku mkubwa au tembe?"

"Kuku, ya akhi, kuku! Anayetaga!"

Ami akaandika: Barka, nusu yai.

Lori la pili lilileta mvuvi aliyetoka Mabela na kikapu cha papa mkavu. Yeye akasema kila jiwe lilikuwa kama kichwa cha mbuzi. Ami akagawa kwa tatu bila ya kuinua uso. Marhoon akataka kujua kama kichwa hicho ni pamoja na pembe, mvuvi akakasirika, ikabidi nimpe kahawa. Kisha akashuka mama mmoja wa Sib, maji yanamtiririka, mtoto mmoja kiunoni na mwengine anamburura.

"Dada, barafu ya kwenu ilikuwa kubwa kiasi gani?" Ami akamuuliza kwa adabu.

"Kama dengu," akasema, akapita zake.

"Dengu," Ami akanong'ona, na macho yake yaking'aa. "Hiyo sasa ni habari."

Akachukua kaa la moto lililozimika kwenye jiko la kahawa, akachora pwani nzima juu ya ukuta wa Marhoon. Barka saa moja, Mabela saa mbili, Sib saa tatu. Akapima kwa shubiri, akahesabu kwa midomo. "Saa sita," akatangaza. "Itakuwa hapa saa sita, inshallah. Kila mtu ajiweke tayari."

Tukajiweka tayari. Bi Masouda alianua nguo za mtaa mzima, za wanaomjua na wasiomjua. Ami akapanda darini na mwavuli wake mweusi, akaketi kwenye kibao kando ya kipimo, mgongo umenyooka. Saa sita ikafika, na jua likatupiga utosini. Saa saba ikafika. Magharibi, juu ya majabali, wingu lilionekana, jeusi kama chungu cha pilau, lakini halikusogea hata kidogo. Ikaja Landrova kutoka Sib, dereva akaapa kwamba kule mvua ilikuwa imesimama juu ya vichwa vyao tangu asubuhi kama mgeni asiyejua kuaga.

"Imekwama," akasema Marhoon.

"Mvua haikwami," akasema Ami kutoka darini. Lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

Nilimpelekea chakula akakataa. Bi Rahila akapanda mwenyewe na sahani ya pili, nikamfuata. Alimkuta mumewe amekaa vile vile, mwavuli wazi kwenye jua kali, daftari magotini limefunguliwa kwenye ule mstari wa mwisho. Hakugeuka. Bi Rahila akasimama pale muda mrefu na ile sahani. Nilidhani atataja cherehani. Badala yake akashuka chini, akakaa juu ya sanduku, akafunika uso kwa mtandio.

"Mie ndo nilomfanyia," akasema. "Kheiria, mie ndo nilofunga mvua."

Nieleze kwa asiyejua. Kwetu Unguja mvua haina simile na harusi. Kwa hiyo katika ukoo wa Bi Rahila mama wa biharusi huichukua kanga yake asubuhi ya harusi, akapiga fundo kwenye pindo kwa kunuia, akaifunika na chungu. Wageni wakishaondoka analifungua, mvua ikaendelea na shughuli zake. Harusi ya Hind Bi Rahila akafanya kama alivyofanya mama yake, kwa mazoea tu, bila ya kufikiri. Akapiga fundo katika mji ambao wiki ile ile watu walikuwa wametoka kwenda kusali sala ya kuomba mvua. Na kwa shughuli za harusi, akasahau kulifungua.

Marhoon na Bi Masouda walikuwa wameshaingia ndani, kwani mlango wa Ami haukuwa na siri. Marhoon aliduwaa.

"Umefunga mvua? *Maskati?* Watu wanachimba visima miaka miwili!"

"Kwani mie nilijua kuna mvua ya kufunga?" Bi Rahila akafoka, machozi yanamtoka. "Nilifunga nikiona haipo!"

"Astaghfirullah," akasema Marhoon. "Mvua i mikononi mwa Mwenyezi Mungu peke yake, Bi Rahila. Hayo mafundo ni upuuzi mtupu. Iko wapi hiyo kanga?"

Ilikuwa sandukuni, imeizunguka tena ile chupa ya sharbati, kwani baada ya harusi aliirudisha vile vile na fundo lake. Bi Rahila akaitoa. Pindo moja lilikuwa na fundo dogo, gumu kama kokwa ya tende, limekaukiana kwa miaka miwili. Akalijaribu kwa kucha, akavunja ukucha. Akalijaribu kwa meno, likamshinda. Nikapendekeza kisu, wakanipigia kelele wote watatu, maana mvua iliyofungwa haikatwi, inafunguliwa. Hata Marhoon, ambaye alikuwa haamini, alikuwa mkali kuliko wote kwamba isikatwe.

"Nipisheni," akasema Bi Masouda, akakunja mikono. "Nimegeuza mapacha walokaa kingamo. Fundo litanishinda?"

Likamshinda. Akalilalia, akalivuta, akalisemesha. Marhoon akatoka mbio, akarudi na ile sindano anayochokolea tambi za fanusi, akapiga magoti, akawa anachokoa huku anasema astaghfirullah kila anapochoma.

"Mnafanya nini huko chini?" Ami akapiga kelele kutoka juu.

Nikapanda nikamwambia. Akanitazama kwa hasira ya karani wa miaka ishirini na mbili. "Fundo na mvua wapi na wapi? Mie ni mtu wa kipimo! Mvua inaletwa na upepo na unyevu! Nyote mna wazimu!" Nikashuka. Sekunde chache baadaye, "Kheiria! Mmefika wapi?" Nikamjibu bado. Kisha nikasikia viatu vyake kwenye ngazi. Akaingia bila ya kumwangalia mtu, akachukua chupa ya mafuta ya nazi ya nywele za mkewe, akatia matone matatu juu ya fundo, akapanda tena darini.

Kwa yale mafuta fundo likalegea, na vidole vya Bi Masouda vikapita. Pindo likafunguka, limejikunja kama sikio la paka. Tukatulia, tukasikiliza. Hakuna kitu. Kuku alilia uwani.

"Mnaona!" akasema Ami kutoka juu, na nilijua kwa sauti yake kwamba na yeye alikuwa anangojea.

Hapo dirisha likapigwa na upepo. Mimi nakusimulia nilichokiona, sikwambii niliamini nini. Upepo baridi ukaingia kwa mlango wa mbele ukatokea wa nyuma, na mchana ukawa kama magharibi. Juu darini tukasikia *tak*. Kisha *tak tak*. Halafu Ami akapiga ukelele ambao sijausikia tena kwa mwanamume mzima.

"Dengu! Rahila! Ni dengu!"

Kisha mbingu ikamwagika. Barafu ilizidi ukubwa, ikaruka sakafuni, ikagonga milango, ikaingia mpaka jikoni. Mwavuli wa Ami ukawa chujio, akashuka ngazi kwa makalio huku anacheka. Langoni fanusi za Marhoon zilizotundikwa nje zikavunjika moja baada ya nyengine, naye akasimama mvuani analia kwa fanusi na kumshukuru Mungu kwa pumzi moja. Askari wa zamu hakuruhusiwa kuondoka mahali pake, kwa hiyo alivaa sufuria kichwani, bunduki begani, akaendelea kulinda mji. Watoto walilamba barafu chini, watu wazima wakajidai wanawazuia, kisha wakalamba na wao.

Saa tisa mvua ilikwisha. Wingu likaenda baharini na jua likatoka kana kwamba halikuhusika. Tukamzunguka Ami. Nenda, tukamwambia, nenda kasome!

"Kipimo hakisomwi kabla ya saa," akajibu. Alikuwa amekwishaketi barazani, kanzu kavu mwilini, kofia ya sherehe kichwani, saa yake ya mfukoni mkononi. "Saa kumi ni saa kumi. Nimengoja miaka miwili, saa nzima itaniua?"

Tungempiga. Lakini ndivyo alivyokuwa. Akafungua kitabu cha maagizo, akatusomea ukurasa wa barafu, ulionuka ubuyu: faneli ikizibwa na barafu, barafu hiyo iyeyushwe yote bila ya kupotea hata chembe, kisha maji yake yapimwe. Alisoma kama khatibu. Sisi tulimtazama yeye, na ndiyo maana hakuna aliyemtazama Bi Rahila.

Dakika kumi hivi kabla ya saa kumi akaja kutoka ndani na sinia. Juu yake bilauri moja, nyekundu, imetoka jasho nje, na ndani barafu zinagongana. Ami akaacha kusoma. Akaishika kwa mikono miwili, akaiweka kwanza shavuni, akafumba macho.

"Rahila," akasema. Hakumwita Mama Hind. "Leo Alkhamisi."

"Leo Alkhamisi," akasema mkewe. "Kunywa, isije ikayeyuka."

Akanywa polepole mpaka mwisho, akazitafuna barafu zote kwa kelele, moja moja, akageuza bilauri akagonga kitako chake ili ile ya mwisho iteleze mdomoni. Kisha akatazama saa, akasimama, akasema, "Bismillahi," akapanda. Tukapanda nyuma yake kama watu wa zafa wanaomsindikiza bwana harusi.

Shaba ilikuwa inang'aa. Faneli ilikuwa tupu, kavu, imefutwa kwa kitambaa. Ami akatoa chupa ya ndani, akaigeuza juu chini. Halikutoka tone. Barafu ilikuwa imeziba mdomo tangu mwanzo, maji yote yakamwagikia nje, na hiyo barafu yenyewe ilikuwa haipo. Ami akasimama na ile chupa mkononi.

"Mama Hind," akasema taratibu sana. "Ile barafu uliitoa wapi?"

Bi Rahila akaziba mdomo kwa kiganja.

"Chini pote pana mavi ya njiwa," akasema. "Pale tu ndo palikuwa safi. Nikasema, miaka mine mume wangu hajapata kitu cha baridi. Nikasahau. Wallahi nilisahau kama ndo mvua yako."

Hakuna aliyecheka, hata mimi. Marhoon akainama, akaokota konzi ya barafu iliyokuwa inayeyuka pembeni mwa dari. "Tia hii," akanong'ona. "Nani atajua?"

"Mie ntajua," akasema Ami.

Akakaa kwenye kibao chake. Saa kumi ilikuwa inapita, jambo ambalo halijawahi kutokea. Akafungua daftari, akachovya kalamu, akaishikilia juu ya ule mstari wa mwisho. Nikaona ameanza kuzungusha mkono kwa sifuri. Akasita. Akaitazama ile bilauri, ambayo alikuwa ameisahau katika mkono wake wa kushoto.

"Ilijaa?" akamuuliza mkewe.

"Pomoni."

"Sharbati ulitia kiasi gani?"

"Vijiko vitatu."

Ami akaandika, muda mrefu kuliko sifuri. Akapuliza wino. Bi Rahila hakujua kusoma hati ile, akanivuta mkono. "Nisomee. Kaandika nini?"

Nikasoma: *Alkhamisi, saa kumi za jioni. Mvua ya mawe. Bilauri moja, pomoni, kasoro vijiko vitatu. Imenyweka.*

Bi Rahila akafikiri. Kisha akamwendea mumewe, akamfuta kofia iliyopata tone la sharbati, na nilimwona anaangalia ile faneli ya shaba, ambayo sasa, kwa kuwa mvua imeandikwa, sharti halikumpa.

"Mwambie aongeze," akasema, "kwamba ilikuwa tamu."

Ami akachovya tena kalamu. Daftari hilo ninalo mimi sasa, hapa kwetu Mabela, kabatini. Mstari ulikuwa umejaa, hakukuwa na nafasi hata ya herufi moja, kwa hiyo neno lile amelibana pembeni, juu kidogo, nje ya mistari.